Kitunguu Hakina Dawa Mpaka Kiumie

*Maneno haya niliyasema mbele ya wakulima wa vitunguu na familia zao huko Mang'ola, wilayani Karatu, asubuhi ambayo nusu ya wanachama walikuwa wamebanwa na malori ya kupakia. Walioyakosa wameniomba niyaandike yote. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza utani tu.*

Mwenyekiti wetu, mama zangu, baba zangu, wazee mliokaa kule kwenye kivuli cha mgunga, na ninyi vijana mliokalia pikipiki kama mnaotaka kuondoka muda wowote: hamjambo?

Kitunguu oyee!

Mmeitika kinyonge. Nimeambiwa bei ya wiki hii si nzuri, kwa hiyo nimewasamehe.

Nimekuja na woga kidogo. Kumfundisha mtu wa Mang'ola habari za kitunguu ni sawa na kumfundisha Mpemba habari za karafuu. Kulima mnajua, kukata shingo mnajua, lumbesa mnaijua kwa uchungu wa mgongo. Basi la shambani sitaligusa. Mimi ni afisa lishe, kazi yangu inaanza kitunguu kikishafika jikoni. Tena nimezaliwa Mbulu, huko juu kwenye vitunguu saumu, na ninyi huku bondeni ni watu wa kitunguu maji. Leo watani tumekutana kwenye sufuria moja. Na sufuria lenyewe lipo, harufu ya maharage mnaisikia kutoka kule nyuma. Tutalirudia.

Nianze na mama mmoja. Wewe mama wa kitenge cha njano, njoo hapa mbele. Usiogope, sikuulizi hesabu. Shika punje hii ya saumu. Nimeimenya, sijaikata. Inuse vizuri. Unasikia nini?

Anasema hasikii kitu. Wa nyuma mmesikia? Hasikii kitu.

Sasa naiweka kwenye kinu, naiponda mara tatu. Haya, nusa tena.

(Hapo alirudisha kichwa nyuma kwa nguvu, watu wakacheka, na wa safu ya kwanza wakaanza kuipata harufu bila kuitwa.)

Nawauliza swali, mlifikirie vizuri: harufu ile ilikuwa wapi dakika moja iliyopita? Mama ameshika punje ileile, pua ni ileile. Ilikuwa wapi?

Haikuwapo. Imezaliwa hapa kwenye kinu mbele ya macho yenu.

Ndani ya punje ya saumu kuna vyumba vidogo vidogo visivyohesabika. Chumba kimoja kina kitu kinachoitwa aliini. Hakina harufu, na ukali wake hauna maana. Chumba cha jirani kina kimeng'enya, yaani kile kitu ambacho mwili wa kiumbe hukitumia kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Kati yao kuna ukuta. Ukuta ukiwa mzima, majirani hawa hawaonani hata miezi sita. Fikirieni kiberiti: njiti zimo ndani, ubavu wa kuwashia uko nje ya boksi hilohilo, na boksi linakaa dukani mwaka mzima bila moto. Moto unataka msuguano. Ukiiponda saumu unavunja ukuta, majirani wanakutana, na ndani ya sekunde chache anazaliwa wa tatu. Huyo anaitwa alisini. Ndiye harufu, ndiye ukali wa ulimini, na ndiye anayeua bakteria.

Mwaka 1944, katika maabara moja ya jimbo la New York, Marekani, wanakemia wawili, Chester Cavallito na John Hays Bailey, ndio waliomtenga alisini peke yake wakaonyesha kwamba anaua bakteria wa aina nyingi. Bibi zetu walikuwa wamekwisha kujua kwamba kuna kitu. Wale walikipa jina na uzito.

Kwa nini mmea ujihangaishe hivyo? Kwa sababu hauna miguu. Mbuzi akiingia shambani, wewe unakimbia na fimbo. Saumu itakimbilia wapi? Inamsubiri mdudu aume. Akiuma amevunja ukuta, na akivunja ukuta amejimwagia mwenyewe silaha mdomoni. Ndiyo maana nasema, na mtanisikia nikisema tena: kitunguu hakina dawa mpaka kiumie. Ukimeza punje nzima na maji kama kidonge, umemeza boksi la kiberiti ukitegemea joto.

Na alisini anawauaje hao bakteria? Ninyi mna pampu za kumwagilia. Mchanga ukiingia kwenye pampu, hauivunji pampu. Unang'ang'ania pale panapozunguka, na pampu inasimama. Bakteria naye ana vimeng'enya vyake vya kuendeshea maisha, na vingi vina vijindoano vya salfa. Alisini huvinasa vijindoano hivyo. Hanasi kimoja, hunasa vingi kwa mpigo. Kwenye visahani vya maabara amewaua wanaosababisha majipu, amewaua baadhi ya wanaoharisha watu, na hata baadhi ya wale waliokwisha kuwa sugu kwa dawa za hospitali.

Najua hapo mmefurahi. Kuna mtu ameshaanza kuhesabu magunia. Subirini.

Vijindoano vya salfa haviko kwa bakteria peke yake. Viko kwenye damu yako, kwenye ngozi yako, kwenye ulimi wako. Alisini hachagui. Akiingia mwilini hunasa cha kwanza anachokutana nacho, na cha kwanza ni wewe. Wapimaji wametafuta alisini kwenye damu ya watu waliokula saumu wakamkosa, maana akigusa damu anamalizika upesi sana. Kwa hiyo kusema saumu inaua bakteria ni kweli, na kusema saumu uliyoila asubuhi inatembea kwenye damu ikiwafukuza bakteria wa kifuani jioni, hilo ni jambo jingine kabisa. Alisini anafanya kazi pale anapogusa, na kwa muda ule mfupi tu.

Mimi hili nilijifunza kwa shavu langu.

Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili. Jino la gego lilianza kuniuma usiku wa Jumamosi. Hospitali mbali, hela hamna, na mimi ni mtoto wa Mbulu: nikaponda punje mbili, nikazibandika kati ya jino na shavu, nikalala. Nilikuwa nimesoma kwamba inaua bakteria. Ilikuwa kweli! Asubuhi nilipoamka ngozi ya ndani ya shavu ilikuwa nyeupe kama iliyochemshwa, nikiigusa kwa ulimi inabanduka. Siku tatu sikunywa chai ya moto. Na jino? Jino liliendelea kuniuma kana kwamba halikuambiwa kitu, maana bakteria wake walikuwa ndani ya shimo, na saumu ilikuwa nje inapigana na mimi. Daktari wa meno alicheka kabla hajachukua koleo.

Mimi nilikuwa mtu mzima na kosa lilikuwa langu. Lakini nimeona mtoto mchanga aliyefungiwa saumu iliyopondwa kwenye nyayo ili mafua yatoke. Ngozi ya mtoto ni laini, mama zangu. Inaungua kama kwa moto, na malengelenge niliyaona kwa macho. Usimfungie mtoto saumu, usimtie sikioni. Na ninyi mama zangu, lile mnalonong'onezana la kuitumia kule chini kwa ajili ya fangasi, naomba lile tuliache. Nalisema hadharani kwa sababu sote tumelisikia faraghani.

Sasa niwaulize wakulima. Ule uozo wa kitunguu, ambao ganda la nje linaonekana zima, lakini ukibonyeza shingo ya ndani inateleza na kutoka yenyewe, na kunanuka uchachu kama siki. Mnaujua?

Mmeguna. Mnaujua.

Huyo ni bakteria. Mwaka 1950 mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Marekani, Walter Burkholder, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza, na jina la bakteria huyo, cepacia, limetokana na neno la Kilatini la kitunguu. Yaani yupo bakteria aliyeitwa kwa jina la kitunguu kwa sababu kitunguu ndicho chakula chake. Kama kitunguu kingekuwa kinaua kila bakteria, mzigo wenu ungeozea nini? Mtu akikuambia weka kitunguu kilichokatwa pembeni ya kitanda kivute vijidudu vya chumbani, mwambie aje Mang'ola msimu wa mvua aone vijidudu vinavyokila kitunguu chenyewe.

Tena kitunguu maji na saumu ni ndugu, lakini silaha zao hazifanani. Mnapokata kitunguu mnalia. Kwa nini saumu haiwalizi? Kwenye kitunguu kuna kimeng'enya cha ziada. Wajapani waliofanya kazi kwenye kampuni ya vyakula ndio waliokigundua, wakakitangaza mwaka 2002. Kitunguu kikikatwa, kimeng'enya hicho kinachukua ile salfa na kuigeuza mvuke wa kuliza macho, kabla haijafika mbali. Saumu inatengeneza alisini, kitunguu kinatengeneza machozi. Kwa hiyo kwenye kuua bakteria kitunguu maji ni dhaifu kuliko mdogo wake. Msinichukie, sisi wa Mbulu tumekuwa tukisema hivyo siku zote.

Kitunguu kina ushindi wake mahali pengine, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko kwenye bakteria. Ni kwenye chakula.

Waislamu na Wakristo mliopo hapa, kuna hadithi moja mnayo wote. Wana wa Israeli wako jangwani na Musa, wamechoka, wanalalamika. Wanalilia nini? Kwenye Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 61, wanataka mboga, matango, dengu na vitunguu. Kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 11, wanakumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu na saumu za Misri. Angalieni vizuri: hakuna mgonjwa pale. Hawakulilia dawa. Walililia mboga yenye ladha. Nami nasema wale watu walikuwa na akili kuliko sisi tunaonunua saumu ya kusagwa kwenye kichupa chenye picha ya simba.

Lugha yetu nayo ilikwisha kupima. Kitunguu maji tunakiita kitunguu maji. Gramu 100 za kitunguu kibichi, yaani kitunguu kimoja cha wastani, gramu kama 89 ni maji. Jina limepatia! Kinachobaki ni wanga gramu 9 hivi, nusu yake karibu ni sukari, protini gramu moja, na nguvu ya kalori 40 tu. Kuna vitamini C miligramu 7, na potasiamu kidogo. Sukari hiyo ndiyo mnayoiona ikigeuka kahawia mkikaanga vitunguu vya pilau. Saumu ni nzito zaidi: maji gramu 59, wanga 33, protini zaidi ya gramu 6, vitamini C miligramu 31, kalsiamu miligramu 181, na vitamini B6 na manganizi kwa wingi. (Na hilo neno saumu, kwa wanaouliza, halina uhusiano na kufunga Ramadhani. Ni lile la Kiarabu, thum. Watu wa pwani mpaka leo wengine husema kitunguu thomu, nao wako karibu zaidi na asili.)

Mkisikia namba hizo mnasema saumu ni hazina. Haya, nani hapa anakula gramu 100 za saumu? Punje moja ni gramu 3 tu. Vitamini C iliyomo ni miligramu moja. Mwanamke mtu mzima anahitaji kama miligramu 75 kwa siku. Ukitaka uzipate zote kwenye saumu, utakula punje themanini, na kabla hujafika arobaini mumeo atakuwa amehamia kwa dada yake. Pera moja linakupa zote na chenji juu.

Sasa kama vitamini ni chache hivyo, faida iko wapi? Iko sehemu mbili ambazo hazitangazwi redioni.

Ya kwanza ni hii. Sehemu kubwa ya wanga wa saumu, na sehemu ya wanga wa kitunguu, ni wa aina ambayo tumbo letu haliwezi kuusaga. Unashuka mzima mpaka utumbo mpana. Huko unakutana na bakteria wema, wale wanaotulindia utumbo, nao wanaula kwa furaha. Ndiyo sababu wengine wenu mkila vitunguu tumbo linajaa gesi. Ni wageni wanakula karamu. Mmeona maajabu hayo? Kwenye kinu saumu inaua bakteria, kwenye utumbo inawalisha. Mtu yuleyule, mahali tofauti, kazi tofauti.

Ya pili ndiyo iliyonileta. Mwaka 2010 watafiti wa Mysore, India, walichukua nafaka na kunde, vyakula vya mtu wa kawaida kama sisi, wakavipima kwenye maabara pamoja na kitunguu na saumu. Shida ya maharage na mahindi mnaijua? Madini ya chuma yamo, lakini yamefungwa. Mwili unayaona haupati. Walipoongeza saumu au kitunguu, madini ya chuma na zinki yaliyofunguka tayari kwa mwili yaliongezeka. Ni kipimo cha maabara, si cha kina mama wajawazito, na nasema hivyo kusudi ili asije mtu akaacha vidonge vyake vya kliniki. Lakini fikirieni: mama mjamzito wa kijijini ambaye nyama anaionea sikukuu, damu yake inategemea maharage. Kitunguu kwenye maharage yake si mapambo. Kikate, kitie, tena ukitie kingi. Wauzaji wa kitunguu mnakula ugali na maharage yaliyotiwa nusu kitunguu, nyingine imewekewa kesho! Nimeingia kwenye nyumba zenu, nimeona.

Na mkimenya, menyeni kwa huruma. Rangi ile nyekundu na kile kiitwacho kwesetini, ambacho wataalamu wa moyo wanakipenda, vimejaa kwenye maganda ya nje. Wale wa kuvua maganda matatu ili kitunguu king'ae, mnawapa kuku sehemu iliyo bora.

Kuhusu kupika, kimeng'enya cha saumu hakipendi moto. Ukitupa punje nzima kwenye mafuta yanayochemka, umekiua kabla hakijaonana na jirani yake. Ukiponda, ukaacha dakika kumi, ndipo ukatia jikoni, kazi imeshafanyika na baadhi ya ile nguvu inabaki. Dakika kumi tu. Ile niliyoiponda na mama wa njano ipo hapa, naiangalia.

Sasa nije kwenye bakteria tena, kwa sababu mtaniuliza: Je, kuna mahali saumu imewahi kuwashinda bakteria sugu kweli?

Ipo hadithi. Katika chuo kikuu cha Nottingham, Uingereza, mwalimu wa lugha za kale, Christina Lee, alikuwa na kitabu cha tiba cha Waingereza wa zamani, cha karne ya 10. Kulikuwa na dawa ya macho: saumu, na kitunguu au liki, ndugu yake wa majani marefu (wenyewe wanabishana neno la kale lilimaanisha kipi), divai, na nyongo ya ng'ombe. Vitwangwe, vitiwe kwenye chombo cha shaba, vikae siku tisa. Akamwendea mtaalamu wa vijidudu, Freya Harrison, wakaipika neno kwa neno. Mwaka 2015 wakatangaza majibu. Waliijaribu kwa bakteria wa vidonda aliyekuwa sugu kwa dawa nyingi, kwenye vidonda vya panya, na karibu asilimia 90 ya bakteria walikufa. Wenyewe walishangaa.

Watu wa mitandao waliishia hapo. Mimi nataka mwendelee kidogo. Mwaka 2020 Harrison na wenzake walitenganisha viungo wakajaribu kimoja kimoja kwa bakteria waliojifunika utando wa ute, kama wanavyojifunika kwenye vidonda vya muda mrefu. Saumu peke yake haikutosha. Mchanganyiko wote ndio ulioweza. Na muone: ile dawa hainywewi. Inapakwa pale pale alipo adui. Tumerudi kulekule: inafanya kazi inapogusa. Wala msiende nyumbani mkachanganya nyongo na kutia machoni, tafadhali. Wale waliifanyia kazi kwenye maabara.

Hadithi nyingine ni ya kutisha, na ningetaka muibebe kuliko zote. Mwaka 1985, Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mgahawa mmoja. Macho yanaona viwili viwili, kope zinaanguka, ulimi mzito, wengine kifua kinashindwa kupumua. Ilikuwa sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Imetoka kwenye nini? Kwenye saumu iliyosagwa ikahifadhiwa kwenye mafuta, bila kuwekwa mahali pa baridi.

Kwenye saumu, ndugu zangu! Muuaji wa bakteria! Imekuwaje?

Bakteria huyo anaishi udongoni, na saumu inatoka udongoni. Hujifungia ndani ya ganda gumu, analala. Alisini anadumu muda mfupi, siku chache ndani ya mafuta amekwisha. Mafuta yanazuia hewa, na yule bakteria hewa haitaki. Asipokuwepo alisini, pasipokuwepo hewa, pasipokuwepo baridi, anaamka na kutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Kule mnadani nimeona chupa za saumu kwenye mafuta ya alizeti zikipigwa na jua, zimeandikwa dawa ya magonjwa arobaini. Ukitaka saumu kwenye mafuta, itengeneze kidogo, iweke frijini, itumie ndani ya siku nne. Huna friji? Basi ponda ya leo ule leo.

Na kachumbari vilevile. Kipindi cha kipindupindu kuna watu wanasema kitunguu na limau vimeshasafisha. Havijasafisha. Maji machafu uliyooshea nyanya ni machafu, kitunguu kiwepo kisiwepo.

La mwisho ni zito kidogo, mtanivumilia. Mnakumbuka miaka ya mwanzo ya UKIMWI. Afrika Kusini, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeshapatikana, waziri wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa akiwahimiza watu saumu, limau, mafuta ya zeituni na bitiruti. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa dunia wa UKIMWI uliofanyika Toronto, meza ya Afrika Kusini ilipangwa saumu na limau. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kuchelewesha dawa nchini humo kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Saumu haikumuua mtu hata mmoja. Ilikaa tu kwenye kiti cha dawa.

Na wakati mwingine inaingilia. Utafiti wa Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwapa watu vidonge vilivyokolezwa saumu pamoja na dawa moja ya virusi ya wakati ule, saquinavir. Kiwango cha dawa kwenye damu kilishuka kwa nusu. Nazungumzia vidonge na unga, sizungumzii saumu ya kwenye mboga. Mboga yako kula. Lakini ukiwa na dawa za kila siku, za virusi, za kuyeyusha damu, au unasubiri upasuaji, mwambie daktari unachokunywa cha dukani, hata kama kimeandikwa asilia. Wenye presha, ni kweli vidonge vya saumu vimeonekana kuishusha kidogo. Kidogo, na hakuna aliyewaambia muache za hospitali.

Mzee umenyanyua mkono. Unauliza, kwa hiyo bibi yako alikudanganya? Hapana, baba. Bibi yangu alikuwa akiponda saumu kwenye kinu cha mti, anatia kwenye supu ya mgonjwa, mgonjwa anapata hamu ya kula, anakula, anapata nguvu. Aliita dawa, na ilikuwa chakula kilichomrudisha mtu mezani. Mtu akikohoa damu alimbeba kwenye machela mpaka misheni. Hakumpa saumu ya pili.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, na mimi naangalia kinu. Mama wa kitenge cha njano, tulipoponda ilikuwa saa nne na robo? Sasa inakaribia saa tano. Imezidi dakika kumi mara nne, lakini haidhuru, tulikuwa tunaongea. Chukua kinu hiki peleka kule nyuma. Waambie sufuria waliteremshe kwanza, saumu itiwe likiwa limeshatoka motoni. Na vile vitunguu viwili vilivyobaki kwenye sahani, vile vilivyowekewa kesho, navyo vikatwe.